Asante ya Getini

Kila Jumamosi mchana fundi magodoro alisukuma kazi zake kando, akasimamisha magodoro wima kuzunguka kuta zote nne za karakana yake, akawaachia vijana chumba. Haukuwa ukarimu mtupu. Godoro la pamba linameza sauti, na jirani wa ukuta wa pili, mstaafu mwenye presha, alikuwa amekwisha kuapa kwamba akisikia tena zile ngoma atakwenda kushtaki. Tangu magodoro yasimamishwe, mstaafu alikuwa analala vizuri na hata salamu alianza kuitikia.

Vijana wenyewe walikuwa watatu. Binti wa fundi ndiye aliyeshika kipaza sauti. Gitaa lilikuwa la kijana mrefu mwembamba waliyemwita Msumari, na ngoma zilikuwa za kijana mmoja mnene mpole aliyefanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, naye jina lake likawa hilohilo, Dobi. Mpiga besi walikuwa naye zamani, akaoa, na mkewe hakutaka kusikia habari hizo. Kundi lilijiita Godoro Bovu. Muziki wao waliuita panki, tena panki ile ngumu: ngoma mbio za mtu anayekimbizwa, gitaa la kukwaruza, na binti akipayuka mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Wimbo mmoja haufiki dakika mbili.

"Afadhali hazichukui muda," mama yake alikuwa akisema huku akianua nguo uani. Majirani wakimuuliza binti anaimba nini hasa, hakuona haya kuwajibu. "Hakuna maneno pale. Wanapiga kelele, wanatoka jasho, wanakula, wanalala. Nitajie mtoto mwingine mtaa huu ambaye mama yake anajua alipo Jumamosi."

Hivyo ndivyo alivyoamini, na mtu asimcheke. Wimbo wa namna ile, ukiusikia kutoka uani kupitia magodoro, huwezi kuokota hata neno moja. Na mwaka ule Godoro Bovu walikuwa wanapanda. Walianza kwa kupigia marafiki kwenye gereji iliyofungwa, wakahamia yadi ya vyuma chakavu, kisha mtu akawarekodi kwa simu na picha zikasambaa. Katika picha hizo, wimbo mmoja ulipofika mwisho, watazamaji walikuwa wanavua kiatu kimoja kimoja na kukirusha jukwaani. Baada ya kila onyesho Dobi alirudi na gunia la viatu visivyo na wenzao, na katikati ya juma vijana wakawa wanabisha hodi karakanani, wamevaa kandambili, wanatafuta raba zao.

"Mbona wanarusha viatu?" mama aliuliza siku moja, gunia likiwa miguuni pake.

"Ni mtindo tu, mama," binti alijibu, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sasa walikuwa wamealikwa kupiga kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, Jumapili alasiri, pamoja na makundi yenye majina. Tangazo lilibandikwa kila ukuta, na jina lao lilikuwa la tatu kutoka chini. Baba alipita njia ndefu kwenda kununua uzi ili tu alione. Mwenye ukumbi alikuwa amewapa sharti moja, kwamba ule wimbo wa viatu usikosekane.

Mama alishona kola. Katika kiwanda cha mashati kila mtu ana kipande chake, na yeye kola ilikuwa yake kwa miaka mingi, hata akiwa kanisani au msibani macho yake yalikimbilia shingo za wanaume kutazama mshono. Jirani yake wa mashine alikuwa mwanamke wa vifungo, mtu wa utani mwingi, aliyeweza kumwiga msimamizi mpaka mtu akajichoma sindano kwa kucheka.

Siku moja wakati wa chakula mwanamke wa vifungo hakuwa na utani. Alimvuta mwenzake mpaka pembeni ya meza, akatoa simu.

"Huyu si mwanao?"

Mama akatabasamu. Alikuwa binti yake kweli, kichwa amenyoa pembeni, mdomo wazi, jasho linamtiririka. Sauti ya simu ilikuwa imefungwa, lakini mtu mmoja mwenye subira alikuwa ameyaandika maneno ya wimbo chini ya picha, mstari baada ya mstari, kwa wale wasioyasikia.

*Taa nyekundu, kaa pembeni,*
*vua kiatu, weka mezani.*
*Wamekuta nini ndani ya soli?*
*Kitambaa, kitambaa cha sakafuni.*

Tabasamu likamganda mama usoni. Hakujua alitoe vipi.

Pale kiwandani, anayetoka zamu hubonyeza kitufe getini. Taa ikiwaka kijani unapita, ikiwaka nyekundu unakaguliwa. Wanasema mashine ndiyo inayochagua. Wakati wa mvua, taa ilimwakia mama nyekundu, akaambiwa avue viatu. Kiatu cha kulia kilikuwa kimetoboka soli, naye alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha kitambaa alichokiokota chini ya meza ya kukatia, katika takataka zinazosubiri fagio. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja. Mlinzi wa kike alikitoa, akakinyoosha, akakiweka mezani. Mkubwa wa walinzi akaja, akasema mali ya kiwanda ni mali ya kiwanda, akamwamuru mama asimame pale pale peku, kitambaa mbele yake, mpaka zamu nzima imalize kupita. Wote walipita. Kisha mkubwa akasema safari hii amesamehewa.

Hayo mama hakumwambia mumewe. Alimwambia binti yake tu, kwa sababu jioni ile alishindwa kula, na binti akamuuliza, akamuuliza tena, akaacha sahani yake na kuja kukaa karibu naye.

Mstari wa mwisho ulipita chini ya picha. *Nikakishika kiatu, nikamrushia usoni.* Na viatu vikaanza kuruka.

"Siku ile mimi nilipita," alisema mwanamke wa vifungo. "Niligeuza uso."

"Nilikuona ukigeuza."

"Unisamehe."

"Yamepita."

"Sasa hilo la kurusha kiatu, ulirusha saa ngapi? Mbona sikuliona?"

Kengele ya kurudi kazini ikalia, mama akasimama. Alichosikia ni aibu. Haikuwa aibu mpya, ilikuwa ile ile ya getini, ila safari hii watu waliopita mbele yake walikuwa maelfu, nao hata hawakugeuza uso.

"Niimbie," alisema mama jioni ile.

Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni, begi bado begani. "Nini?"

"Ule wa viatu."

"Hapa? Bila gitaa?"

"Bila gitaa. Polepole, kama unamsomea mgonjwa."

Binti akajua limefika. Akatua begi chini, akautamka wimbo wote macho yakiwa kwenye viazi alivyokuwa akimenya mama yake. Bila ngoma ulikuwa mfupi sana. Kabla haujaisha, baba aliingia kuchota maji, akasimama na kikombe kitupu mkononi, akasikiliza. Alikuwa na pamba kwenye nyusi.

"Huyo aliyevuliwa ni nani?" aliuliza.

Mama aliendelea kumenya, na hapo akawa amejibiwa.

"Kitambaa ndani ya kiatu cha nini?"

"Soli ilitoboka," mama alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Baba alikuwa ameahidi viatu kabla ya mvua. Kisha watu wakakimbilia magodoro ya sponji, kazi zikapungua, na ahadi ikasogezwa na kusogezwa mpaka akaacha kuitaja, akajidanganya kwamba kwa kuwa mkewe hakumkumbusha basi viatu vyake bado vinafaa. Aliweka kikombe mezani bila kunywa, akatoka. Baada ya muda wakasikia fimbo yake ikipiga pamba karakanani, na ilipiga muda mrefu kuliko godoro lolote linavyohitaji.

"Umeona," alisema mama.

"Sikukutaja jina."

"Jina langu wenzangu wanalijua. Nilikuambia wewe peke yako. Sikukuambia ili ukawagawie watu."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua ungeniuliza."

Binti akainamisha kichwa. Ni kweli hakuuliza, na hakuuliza kwa sababu alijua jibu. Wimbo ulimjia usiku ule ule akiwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu, akauandika kwa mara moja, na alipouimba mara ya kwanza gerejini watu walinyamaza kabla ya kulipuka. Jambo hilo halikuwa limewahi kumtokea. Baada ya pale ilikuwa vigumu kuurudisha.

"Na kwa nini umesema nilirusha kiatu?" mama aliuliza. Hili ndilo lililomkaa rohoni tangu mchana kuliko mengine yote.

"Kwa sababu ulisema asante. Uliniambia, yule mkubwa alipokwambia umesamehewa, ukasema asante. Nilijaribu kuitia, mama. Kila nikifika hapo sauti inakatika. Nikaona bora urushe."

"Bora nirushe." Mama alicheka, lakini kicheko hakikuwa na raha ndani yake. "Mimi ni mtu wa kurusha viatu? Na asubuhi yake ungekula nini wewe?"

"Nitautoa. Nitawaambia wenzangu hatuupigi tena."

Mama akarudi kwenye viazi vyake. Nusu ya moyo wake ilitaka aseme ndiyo, utoe, uzike. Nusu nyingine iliwakumbuka wanawake wawili watatu waliokuwa wamejikusanya nyuma ya simu ile mchana, wakisoma maneno, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Haikupita siku tatu akaitwa ofisini. Meneja alikuwa kijana ambaye mama alimzidi umri kwa mbali, mwenye kola iliyoshonwa vizuri, mama aliliona hilo kwanza.

"Karibu, mama. Kaa."

Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumwambia akae akiwa ofisini. Alikaa pembeni ya kiti. Mezani palikuwa na boksi la viatu.

"Kuna wimbo," meneja alisema. "Nasikia mwimbaji ni mwanao. Hongera, ana kipaji. Wimbo unasema mfanyakazi wetu alimrushia mlinzi kiatu usoni. Kuna jambo kama hilo limewahi kutokea hapa?"

"Halijatokea."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Hilo la kiatu ni uongo."

Meneja akapumua. "Nilijua wewe ni mtu muungwana. Tatizo ni kwamba wanunuzi wetu wameanza kuuliza maswali, na watu getini wameanza kuimba. Sasa kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, nataka uwaambie wenzako kwa kinywa chako kwamba wimbo ni uongo. Basi. Na nyumbani uzungumze na mtoto, mtoto anamsikiliza mama."

"Nisiposema?"

"Kwa nini tufike huko?" Akalisukuma boksi kidogo, akafunua kifuniko. Viatu vyeusi, imara, ngozi bado ina harufu. "Utavichukua kesho ukishamaliza. Ni thelathini na nane, sivyo? Niliwauliza walinzi, wakanithibitishia."

Mama alivitazama viatu. Vilikuwa vizuri, na alivitamani. Kisha akafikiria jinsi getini walivyokijua kipimo cha mguu wake, akaona miguu yake inapata baridi chini ya meza.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi alikuwa amekaa juu ya rundo la pamba. Alikuwa mtu mwema, ila sasa alikuwa mtu mwenye hofu, maana karakana ilikuwa inaleta uzi na mafuta ya taa, chakula kilikuwa kinaletwa na kola.

"Sema tu, mama," alimwambia. "Kiatu hukurusha. Ukisema ni uongo utakuwa umesema kweli. Nani atakulaumu?"

"Hata mimi nimewaza hivyo hivyo."

"Basi."

"Basi," mama akakubali. "Nitasema kilicho uongo."

Fundi alimtazama, hakuelewa vizuri, akaona ni busara kutouliza. Alinyoosha mkono. "Nipe hicho kiatu."

Alichukua kitambaa cha godoro, kile kizito chenye mistari ya buluu, akakikata kufuata unyayo, akakikunja mara mbili na kukishona ndani ya soli kwa sindano yake ndefu, mshono wa karibu karibu ambao huwawekea wateja wazito. Alimaliza vyote viwili, cha kulia kilichotoboka na cha kushoto kilichokuwa kizima.

Asubuhi walikusanywa kati ya meza za kupigia pasi. Mashine zilikuwa kimya, jambo lisilo la kawaida, na watu walizungumza kwa kunong'ona wasijue kwa nini. Meneja alisimama na boksi kwapani. Msimamizi alimwonyesha mama mahali pa kusimama.

"Wimbo wa mwanangu una uongo," mama alianza.

Meneja akaitikia kwa kichwa.

"Anasema nilimrushia mlinzi kiatu. Sikurusha. Mlipita wote, mnajua sikurusha." Sauti yake ilikuwa ndogo, wa nyuma wakasogea. "Taa iliniwakia nyekundu, nikavua viatu. Wakakuta kitambaa cha takataka nilichozibia tundu. Wakakiweka mezani, nami nikasimama peku mpaka mkaisha. Halafu nikaambiwa nimesamehewa, nikasema asante. Hilo la asante mwanangu hakulitia. Amekosea hapo."

Alikuwa amemaliza. Meneja alingoja, akidhani kuna zaidi, akaona hakuna.

"Mimi nilisema asante mwezi uliopita," alisema mtu. Alikuwa mwanamke wa vifungo, na hakuwa anamwiga mtu yeyote.

"Hata mimi," mwingine akasema kutoka kwenye pasi.

"Washeni mashine," alisema meneja.

Kabla ya chakula msimamizi alikuja mpaka kwenye mashine ya mama. Alikuwa mtu aliyewahi kumkopesha mama pesa za dawa binti yake alipougua, na sasa hakujua pa kuweka macho. Alisema imeonekana mama amechoka, apumzike nyumbani kwanza, ataitwa. Mama alikuwa amewaona wengi waliokwenda kupumzika. Hakuna aliyewahi kuitwa. Alimaliza kola iliyokuwa chini ya sindano, akakata uzi, akaziweka zote kwenye kikapu zikiwa zimeelekea upande mmoja.

Getini palikuwa patupu, saa ile haitoki zamu yoyote. Alikuwepo mlinzi wa kike peke yake, yule yule, ambaye wafanyakazi walimwita Dada Mkono. Mama alibonyeza kitufe. Taa ikawaka nyekundu.

Wote wawili waliitazama.

"Bonyeza tena," alisema Dada Mkono kwa sauti ya chini. "Mkubwa hayupo."

"Si imeshawaka?"

Mama alivua viatu, akaviweka mezani. Dada Mkono aliingiza vidole, kwa kuwa ndiyo kazi yake na kamera ilikuwa juu yao, akagusa kile kitambaa chenye mistari.

"Hiki si cha kwetu."

"Ni cha mume wangu."

Mlinzi alipitisha kidole kwenye mshono mara moja, kisha akakitoa. Hakuvisukuma viatu mezani kama ilivyo kawaida. Aliinama akaviweka chini, karibu na miguu ya mama, vikiwa vimeelekea nje. "Pita, mama."

Mama akavaa. Neno lilipanda lenyewe, kwa mazoea, likafika mpaka kwenye ulimi. Alilizuia pale. Dada Mkono naye alilingoja, bila kujua kwamba analingoja, na lilipokosekana akageuka kutazama taa. Mama akatoka. Alilia njiani, si sana, akajifuta kabla ya kufika mtaa wake.

"Watu wanakuja kwa sababu ya viatu," alisema Msumari Jumamosi ile, karakanani. "Tukiwaondolea viatu tunabakiza nini? Dada, huu ni ukumbi mkubwa. Hatuitwi mara mbili."

"Mama kafukuzwa kazi," alisema binti.

"Najua, na naumia. Ndiyo maana nasema. Tukifanya vizuri kesho kuna pesa, kuna maonyesho mengine. Utamsaidia na nini ukiharibu?"

Hakuwa mjinga Msumari, na binti alilijua hilo. Mama aliingia bila kubisha hodi, akiwa amebeba kapu la nguo kana kwamba alikuwa anapita tu. Dobi alizuia sahani za ngoma kwa kiganja, zikanyamaza.

"Sikatazi mtu kuimba," mama alisema, akimtazama binti yake. "Mambo yameshatoka, hayarudi ndani. Lakini nisiimbiwe ushujaa ambao sikuufanya. Kesho msichana mwingine atasimama pale getini, ataukumbuka wimbo wako, atajiona yeye tu ndiye mwoga. Ukitaka kuimba, imba ilivyokuwa. Ukishindwa, nyimbo nyingine si mnazo?"

Akatoka na kapu lake. Walijaribu. Walifika mwisho mara kadhaa, Dobi akakata ngoma, Msumari akabana nyuzi, na kila mara binti alifungua mdomo na sauti ikakwama palepale ilipokwama tangu mwanzo. Mara ya mwisho alitupa kipaza sauti juu ya godoro, akaenda kukaa uani.

Jumapili alasiri fundi na mkewe walikaa pembeni ya ukumbi kwenye viti viwili vya plastiki alivyowatafutia Dobi. Fundi alikuwa amekuja na pamba safi mfukoni. Alimtengenezea mkewe vidonge viwili vya kuweka masikioni, akajitengenezea na vyake. Mbele yao vijana walikuwa wamebanana mpaka ukutani, na mama alishangaa kuona wengi wao ni watu wa kawaida tu, mmoja bado ana sare ya duka la dawa. Mwenye ukumbi alisimama mlangoni akihesabu vichwa kwa macho, ameridhika.

Godoro Bovu waliingia. Hata kwa pamba masikioni kelele ilimfikia mama kifuani na kwenye miguu ya kiti. Alimwona mtoto wake anarukaruka, anainama, anapayuka, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba kwa kweli mtoto anafanya kazi, tena kazi nzito, na kwamba anaijua. Akaona fahari. Fahari ikamjia pamoja na ule uchungu, vyote kwa wakati mmoja, akaviacha vikae hivyo.

Kisha Dobi akaanza ule wimbo, na ukumbi mzima ukaujua kwa mapigo matatu ya kwanza. Taa nyekundu, kaa pembeni. Walikuwa wanaimba pamoja naye, wote, na ingawa mama hakusikia neno aliyasoma kwenye midomo yao. Kitambaa, kitambaa cha sakafuni. Wakaanza kuinama. Walivua kiatu kimoja kimoja, wakijishikilia kwa mabega ya jirani, wakavinyanyua juu, tayari.

Ngoma zikakatika. Msumari alibana nyuzi zote. Binti alisimama mbele ya kipaza sauti, mdomo wazi, na hakikutoka kitu. Mama aliujua uso ule, akajua ameshindwa. Alitaka kusimama amwambie aache tu, imetosha, ashuke.

"Asante," binti akasema.

Hakupayuka. Alisema kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayepokea kwa mikono miwili kitu asichokitaka. Kisha akaweka kipaza sauti chini na hakufanya kitu kingine.

Hakuna aliyerusha. Walibaki wamesimama, mamia yao, mguu mmoja umevaa na mwingine peku juu ya saruji baridi, viatu mikononi, wakingoja mstari ambao haukuja. Baadhi waliangalia wenzao wajue la kufanya. Kijana wa duka la dawa alishusha mkono taratibu, akakitazama kiatu chake kwa ndani. Mlangoni mwenye ukumbi alikunja uso, akaondoka. Kesho ilikuwa Jumatatu, na katika nyumba ya fundi hakuna aliyekuwa na zamu ya kuwahi.

Fundi alimwinamia mkewe, akamtoa pamba sikio moja.

"Wamekosea?" aliuliza.

"Hapana," mama alisema, akiwatazama watu waliosimama peku. "Ilikuwa hivi hivi."